Maji ya Mgongoni

Usiku ule fundi cherehani hakuvua hata kitambaa cha kichwani. Alikaa kwenye kigoda chake cha kushonea, mguu juu ya pedali isiyozunguka, akisikiliza barabara. Majirani walimwita Mama Sikio, kwa kuwa alizijua pikipiki za mtaa mzima kwa mlio. "Hata mbu akipita na pikipiki, utatuambia ni ya nani," walimtania. Usiku ule zilipita nyingi. Ya bintiye haikuwamo, na simu yake haikupatikana.

Binti huyo, mwanawe wa pekee, alikuwa akibeba sampuli za damu kutoka zahanati za mbali mpaka maabara ya mjini. Ilikuwa safari ya kutwa, jua la utosini na upepo wa moto usoni. Tangu baba mtu azikwe, nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu: mmoja njiani, mwingine akimngoja.

Kumsindikiza hakuweza, basi alimshonea begi la maji. Alikata turubai nene, akatia ndani mfuko wa mpira, akapitisha mrija kwenye mkanda wa bega mpaka karibu na mdomo, ili mtu anyonye bila kuachia usukani. Kila jioni begi lilirudi tupu. Mama alilipapasa, akajisemea, leo amekunywa, ndipo akapata usingizi.

Simu iliita alfajiri. Dereva wa lori alikuwa amemwokota binti kando ya barabara, amezimia, pikipiki imemlalia mguu. Mama alifika hospitali amevaa kandambili za rangi mbili.

"Hajavunjika, mama," muuguzi alimwambia. "Mwili umekauka. Akiendelea hivi, figo zitagoma."

"Umekaukaje, na maji anayo mgongoni?"

Muuguzi alilinyanyua begi kutoka chini ya kitanda kwa mikono miwili. Lilikuwa limejaa.

Mama aliketi. Alisubiri muuguzi aende zake.

"Na siku zile lilipokuwa likirudi tupu?"

Binti aligeukia ukuta. "Namwaga nikikaribia nyumbani. Sikutaka uhuzunike."

"Unainywesha ardhi, koo lako unaliacha?"

"Nikinywa nitajisaidia wapi, mama? Wenzangu wa kiume wanasimama popote, wanageuza mgongo, wamemaliza. Kule hakuna hata kichaka cha kumficha kuku. Siku moja nilisimama, gari nalo likasimama nyuma yangu. Wanaume wawili. Niliondoka suruali sijaifunga."

Mama alimfunika shuka vizuri. "Hakuna nyumba njia nzima?"

"Ipo moja, duka la matairi. Mwenyewe alinijibu choo chake si cha wapita njia, mbele ya wanaume waliokuwa wakijaza upepo. Walicheka mpaka nikaona haya. Siombi tena."

Alipopona alirudi kazini, na begi akaliacha kwenye msumari makusudi. "Sikio halizidi kichwa, mama," alisema akifunga helmeti. "Niache na kazi yangu."

Mlio ulipozama kabisa, mama alirudi ndani. Alikuwa amemimina vikombe viwili vya chai kwa mazoea. Alikunywa kimoja, akakitazama cha pili kikifanya utando. Kisha akalijaza begi, akalivaa, akaenda kupanda basi.

"Shangazi, unakwenda vitani?" kondakta alimuuliza.

"Nakwenda kumnywesha ndama mkaidi. Nishushe duka la matairi."

Abiria walicheka, naye akacheka nao, lakini kiti cha pembeni yake kilibaki wazi njia nzima. Nje kulikuwa kweupe tu, nchi imelala kama kiganja. Hapa ndipo anapopita kila siku, aliwaza, na mimi sikuwahi hata kupaona. Akawa ananyonya mrija, ajue mwanawe angejisikiaje. Alijua. Alipofika dukani hakuweza kunyooka.

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa rika lake, mikono myeusi kwa grisi.

"Dada, naomba choo."

"Si cha wapita njia."

"Basi mwenzio naaibika hapa hapa, juu ya matairi yako."

Yule mwanamke alimtazama, akasonya, akaenda kufungua komeo. Mama alipotoka aliomba ndoo na ufagio, akapasugua mpaka sakafu ikang'aa.

"Sikukutuma," mwenye duka alisema, akilirudisha komeo.

"Najua. Kuna msichana wa pikipiki ulimkatalia. Ni wangu. Hanywi maji kwa sababu ya mlango huu. Juzi wamemwokota barabarani."

Yule mwanamke alilisukuma komeo mpaka mwisho. "Namkumbuka. Madereva walipafanya zizi hapa. Nafagia peke yangu, nalala peke yangu. Nikimfungulia mmoja, kesho wako ishirini."

"Sikulaumu. Nitamngoja nje."

Alikaa juu ya tairi bovu mpaka kivuli kikamkimbia. Hakuna aliyemsemesha. Pikipiki ilipotokea ikirudi kutoka zahanati za mbali, alisimama katikati ya barabara, mikono juu. Breki zililia.

"Mama! Nyumbani kuna nini? Nani amekufa?"

"Nyumbani hakuna mtu wa kufa. Nimebaki mimi, nami niko hapa." Aliutoa mrija begani. "Kunywa."

Midomo ya binti ilikuwa imepasuka. Aliutazama mrija, akalitazama duka. "Bado nusu ya njia. Nikinywa sasa, halafu?"

Mama naye aligeukia dukani, maana jibu lilikuwa huko. Aliendelea kuushika mrija mbele ya mdomo wa mwanawe. Alimwona mwenye duka akifuta mikono kwa tambara, polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu asiyewaona. Kisha akalitupa tambara, akazunguka nyuma ya duka.

Binti hakunywa. Mama hakushusha mkono.

Komeo la chuma likakwaruza. Mlango wa mabati ukafunguka, ukaegemezwa jiwe, ukaachwa wazi.