Gril ya Shemeji

Munisamehe makosa ya kuandika na herufi zangu zinazopinda. Niliishia shule ya msingi, naandika polepole, na leo naandika kwa hasira.

Mimi na yaya wangu, dada yangu mkubwa, tunachoma nyama ya mbuzi katika uwanja wa nyumba yetu, Bulengera, hapa Butembo. Siku ya Mungu watu wakitoka kanisani wanakuja kula kwetu. Lakini mbabula yetu, jiko la makala, ilikuwa inawajaza moshi kwenye nguo za ibada, wakaanza kwenda kwa jirani anayechoma nyama pia. Ndipo tukaamua kununua gril ya gaz, jiko la kuchomea nyama bila makala.

Nilitaka ile nzito, yenye marke, jina la kiwanda, iliyochongwa katika chuma. Yaya akasema hapana, twende Beni kwa ndugu ya mume wake, anayeuza vitu vya Uganda. Kwetu kitu cha ndugu hakijaribiwi dukani. Ukikijaribu, ni kama umemwita mwizi. Shemeji akatuonyesha gril inayong'aa, marke yake ya karatasi tu. Nikaomba kwa sauti ndogo aiwashe. Yaya akanikanyaga mguu. Shemeji akacheka.

“Huyu anaogopa hata kusalimia batu, lakini kunishuku haogopi.”

Tukalipa. Tukaifunga kwenye pikipiki, tukarudi Butembo.

Siku ya Mungu uwanja ulijaa. Kabla sijageuza nyama, ile karatasi ikajikunja kwa joto, ikaanguka. Chini yake kulikuwa na marke ingine. Nikageuka kumwita yaya, na miguu ya gril ikapinda, nyama yote ikamwagika mavumbini mbele ya wageni. Mama mmoja wa kwaya akasema basi, leo tunakula kwa jirani. Wakamfuata wote.

Tuliirudisha Beni. Shemeji akatupa soda, akasema kosa ni letu: “Lakini muliweka moto mingi.”

Nikamuuliza, mbele ya wateja wake, “Sasa gril ni ya nini, shemeji? Ya kuanikia nguo?”

Safari hii yaya hakunikanyaga. Lakini shemeji alikataa kuipokea, na soda yake sikuinywa.

Tumerudi kwa mbabula, na jirani anacheka. Gril ingine nitainunua, na nitaiwasha palepale dukani hata kama muuzaji ni mjomba wangu. Nyinyi ambao gril yenu ya gaz imenyeshewa na mvua na bado inawaka vizuri, muniandikie. Ni marke gani? Miguu yake inasimama? Aliyewauzia alikubali kuiwasha? Andikeni hata vibaya kama mimi, nitasoma.