Mama Vioo na Karatasi ya Miaka Minne

Walimleta mshonaji saa tatu asubuhi, akiwa amelazwa juu ya mlango. Majirani walikuwa wameuvunja mlango huo kwa nondo ili wamfikie, na kwa kukosa machela wakamlaza juu yake na kumbeba hadi hospitalini, wanaume wanne, kila mmoja na pembe yake. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Mdomo ulikuwa umepasuka mahali pawili. Mbavuni na mapajani alikuwa na mavilio ya damu ya kila umri: mapya mekundu, ya juzi ya zambarau, ya wiki iliyopita yaliyokwisha kugeuka manjano. Mkono wa kulia, ule wa kushikia mkasi, ulikuwa umevunjika chini ya kiwiko.

Nyuma yao alikuja mumewe, fundi wa malori ambaye mtaa mzima ulimwita Jeki kwa sababu ya mabega yake. Hakuwa na haraka. Alikuwa amekwisha kunawa mikono. Alichomoa mfukoni karatasi iliyohifadhiwa ndani ya mfuko wa nailoni, akampa daktari wa zamu kama dereva anayeonyesha leseni.

"Soma hapo, daktari. Mke wangu ana ugonjwa wa damu. Akigusa meza tu, anavilia. Hawa jirani zangu wana moyo mzuri, ila hawajui kitu."

"Na huu mkono?"

"Aliteleza bafuni. Mimi ndiye niliyemwinua."

Nasema hili bila kutafuna maneno: daktari aliisoma karatasi ile, akatikisa kichwa kwa huruma, akairudisha. Ndivyo alivyofanya askari wa kituoni mwaka uliotangulia. Ndivyo alivyofanya kaka wa mshonaji, aliyekuja na rungu akaondoka akiomba radhi. Majirani wenyewe walikuwa wamezimwa nayo mara tatu. Ilikuwa na mhuri wa maabara ya hospitali hiyo hiyo, tarehe ya miaka minne iliyopita, na mstari mmoja wa wino kuhusu chembe zinazozuia damu kuvuja: *Chembe sahani: chache sana.* Chini yake ilikuwa sahihi ya Mama Vioo.

Mama Vioo alikuwa amefanya kazi katika maabara hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Jina hilo alipewa na wagonjwa, kwa kuwa kila walipomwona kwenye ujia alikuwa amebeba sinia la vioo vyembamba vyenye matone ya damu yaliyokauka. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja lililotazama sehemu ya madobi wa hospitali, sinki lenye mfereji uliokuwa ukidondosha maji, hadubini mbili, na mashine ya kuhesabia damu iliyoharibika miezi minane iliyopita na kufunikwa shuka, kana kwamba imefariki. Tangu hapo alihesabu kwa jicho. Kuhesabu hakukumsumbua. Alikulia katika nyumba ambamo kofi lilikuwa jibu la kila swali, na tangu ana miaka sita alilala akihesabu mapigo kupitia ukutani. Yakipita kumi, alitoka kupitia dirishani kwenda kumwita mjomba. Mama yake alikufa na mbavu mbili zilizounga vibaya. Binti huyo aliapa kwamba yeye, popote atakapokuwa, hatakuwa ukuta wa kuficha kipigo cha mtu yeyote. Ni kiapo kikubwa, na ni rahisi kukivunja bila kujua.

Daktari alitaka kuuunganisha mkono kwa vyuma, lakini hakuthubutu kumpasua mgonjwa mwenye chembe chache asije akavuja damu mpaka afe mezani. Kwa hiyo akaagiza damu ihesabiwe upya. Hilo pekee ndilo jambo la maana alilolifanya asubuhi ile.

Mama Vioo aliingia wodini na bomba la sindano. Hakumtambua mgonjwa kwa uso, maana uso haukuwepo. Akatafuta mshipa kwenye mkono mzima, akavuta damu mara moja bila kukamua, akaichanganya papo hapo na dawa ya kuzuia kuganda.

"Utaumia kidogo, mwanangu."

"Hii si kuumia," mshonaji akasema, bila kumtazama.

Huko maabara akaizimua damu kwa maji ya dawa yanayozipasua chembe nyekundu na kuziacha sahani, akaitia kwenye kioo cha kuhesabia chenye miraba iliyochorwa, akakifunika pamoja na pamba yenye unyevu, akasubiri dakika ishirini ili zitulie chini. Zisipotulia, utahesabu hewa.

Inafaa msomaji ajue ni nini alichokuwa akikisubiri, kwa maana watu wengi wameonewa kwa kutokujua. Ndani ya uboho wa mifupa yetu mna seli kubwa kupita zote za humo. Seli hiyo hainyonyeshi wala hailei. Husukuma mikono yake mirefu kupitia kuta za mishipa midogo ya uboho, na mkondo wa damu huikatakata mikono hiyo vipande vipande, maelfu kwa seli moja, mpaka seli yenyewe ikabaki kiini kitupu na kuliwa. Vipande hivyo ndivyo chembe sahani. Ni bapa, ni vidogo kuliko chembe nyekundu, na havina kiini, hivyo haviwezi kuzaa. Huzunguka siku nane, pengine kumi, kisha hukusanywa katika wengu na ini na kuvunjwa. Tone dogo la ujazo wa milimita moja kila upande huwa na laki moja na nusu hadi laki nne za hivyo kwa mtu mwenye afya.

Alihesabu. Akapata laki mbili na elfu sitini na moja. Akamimina, akaosha kioo, akarudia tangu mwanzo. Laki mbili na elfu hamsini na nane.

Ndipo akaliangalia jina kwenye fomu, na maelezo ya daktari: *mgonjwa wa siku nyingi wa upungufu wa chembe sahani, tazama majibu ya zamani.* Majibu ya zamani yalikuwa yake.

Maabara ile haikutupa vioo. Akapanda kiti, akapekua masanduku ya mbao yaliyorundikwa juu ya kabati mpaka akalipata la mwaka ule, akakiweka kioo cha mshonaji chini ya hadubini. Katikati ya tone, kweli, sahani zilikuwa za kuokoteza: mbili hapa, moja kule. Akakisogeza kioo hadi ukingoni. Huko zilikuwa zimerundikana mafungu kwa mafungu, zimeng'ang'aniana, mamia kwa mamia. Damu ilitolewa kidoleni, na kidole kilikamuliwa. Sahani hudhani kila kukamuliwa ni jeraha. Hushikana kabla hazijafika kiooni, kisha mkono wa anayepaka tone huzisukuma pembeni. Kila mtu wa kazi hii hulijua hilo, na kila mtu wa kazi hii huambiwa aanze kwa kutazama ukingo. Siku ile kulikuwa na wagonjwa arobaini foleni. Alitazama katikati, akaandika, akapiga mhuri.

Akaandika majibu mapya, akayapiga mhuri, akarudi kwenye hadubini. Alikuwa bado ameinama hapo Jeki alipobisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kuchukua majibu. Tunaondoka. Kuna mzee anaunga mifupa jirani na gereji yangu, atamfunga vizuri tu, hamna haja ya vyuma." Akatabasamu. "Wewe ndiye uliyeandika ile karatasi yetu. Tumeitunza kuliko cheti cha ndoa."

"Niliikosea."

"Hukukosea."

"Nilikosea, baba. Damu ya mkeo ni nzima kuliko yangu. Na hata kama ningekuwa sahihi, hizi chembe haziishi zaidi ya siku kumi. Nilizoziandika zimekwisha kufa na kuzaliwa nyingine zaidi ya mara mia. Unatembea na habari za marehemu, na watu wazima wanazisoma na kukuitikia."

Jeki akacheka kidogo, kwa pua. Akaufunga mlango kwa kisigino.

"Chana hiyo mpya."

"Sichani."

"Mama, mimi nakuheshimu. Umri wako ni wa mama yangu."

"Basi mama yako anakwambia hachani."

Jeki alimkamata shingo kwa mkono mmoja na kumbandika kabatini. Kwa mkono wa pili akapapasa mezani kutafuta karatasi. Alipoona Mama Vioo ameikunja kiganjani, aliushika mkono huo akaugonga juu ya meza, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu akaupigiza kwenye sinia la vioo. Vioo vilipasuka chini ya kiganja na kuingia nyamani. Damu iliruka ikampata Jeki shavuni. Mama Vioo hakuufungua mkono. Jeki akamzungusha, akampiga ngumi ya sikio, akampiga nyingine ya mgongo kwenye figo, kwa utulivu, kama anayegonga nati iliyoshika kutu. Mama Vioo alikwisha kuona giza alipolishika kabati, akalivuta. Masanduku ya mbao yakashuka kutoka juu ya kabati na mshindo wake ukasikika hadi kwa dobi.

Madobi watatu waliingia kupitia dirishani. Mmoja alikuja na mti wa kukorogea nguo, akampiga Jeki gotini, kisha mgongoni, kisha alipoanguka wakaanza wote kwa mateke. Waliendelea hata alipokuwa ameacha kujitetea. Siwasifu. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba teke la mwenye haki na teke la mwonevu huvunja ubavu ule ule.

"Basi," Mama Vioo akasema kutoka sakafuni. "Mkimwua mtamharibia mshonaji kesi."

Wakaacha. Mmoja wao akachana shuka lililofunika mashine na kumfunga nalo kiganja.

Ndani ya kiganja hicho kazi ilikuwa imekwisha kuanza. Ukuta wa mshipa ukikatwa, nyuzi zilizo chini yake hubaki uchi, na sahani ya kwanza inayopita hunasa hapo. Ikinasa hugeuka umbo: hutoka kuwa bapa, ikatoa miiba na kutambaa. Humwaga vitu ilivyovibeba tumboni mwake, na vitu hivyo huziita nyingine, nazo hunasa juu yake na kumwaga vyao, mpaka tundu linapata kizibo. Kisha nyuzi za kugandisha damu hufumwa juu ya kizibo hicho na kukikaza. Dakika sita baadaye kitambaa hakikuwa kinalowa tena. Vipande visivyo na kiini, visivyojua jina la mtu, hukimbilia jeraha bila kuuliza nani kaanza. Sisi wenye vichwa tulisoma karatasi.

Mganga mkuu, bwana wa tai na miwani ya kusomea, alifika wakati sajini wa polisi, aliyeitwa na madobi, akimtia Jeki pingu. Akamvuta Mama Vioo kando.

"Umeumia, pole. Sasa hiyo karatasi ya pili isitoke. Andika damu iliganda, itolewe nyingine kesho. Tukikubali ulikosea, wagonjwa wote wa miaka minne watarudi kudai wapimwe upya."

"Warudi."

"Utasimamishwa kazi."

"Nisimamishe. Lakini mhuri nimekwisha kupiga, na sajini amekwisha kuisoma."

Barua ya kumsimamisha aliipata kabla ya saa saba. Hospitali ile, iliyoshindwa kutengeneza mashine kwa miezi minane, iliweza kuchapa barua kwa nusu saa.

Hata hivyo sajini alikuwa na shida nyingine. Alikaa kando ya kitanda cha mshonaji na daftari lisilo na hata neno moja. Mshonaji alikataa kusema. Bila maneno yake, sajini alieleza, atamshtaki Jeki kwa kumpiga mtumishi wa hospitali. Atalipa faini, na jioni ya kesho atakuwa nyumbani.

"Yeye hunishika tu," mshonaji alikuwa akirudia. "Damu yangu ndiyo mbovu. Mtu mwingine angeshikwa vile asingevilia."

Mama Vioo akasogea, kiganja kikiwa kimefungwa, sikio limevimba.

"Mwanangu, damu yako haina kasoro. Haijawahi kuwa nayo. Ile karatasi niliiandika mimi, na niliandika kosa. Nilitazama mahali pasipo penyewe."

Mshonaji alimtazama kwa jicho moja lililobaki wazi.

"Kwa hiyo siumwi."

"Huumwi."

"Miaka minne," mshonaji akasema. "Niliacha kubeba mimba nikiogopa nitakufa nikizaa. Alinipiga na waya wa breki, nikaona mistari, nikamwomba yeye msamaha kwa kumtia aibu. Nikajiambia, wenzangu wanapigwa hivi hivi, ila alama zao hazionekani." Alijaribu kujiinua kwa mkono mzima. "Sogea hapa."

Mama Vioo akainama. Mshonaji akamzaba kofi kwa nguvu zote alizokuwa nazo, likatua juu ya sikio lile lile lililopigwa. Sajini akanyanyuka.

"Kaa chini, afande," Mama Vioo akasema, akijishika ukingo wa kitanda. "Hilo ni langu."

"Toka," mshonaji akamwambia.

Akatoka. Alipofika mlangoni alisikia nyuma yake kiti kikivutwa karibu na kitanda, na sauti ya mshonaji, kavu, bila kilio.

"Andika. Mara ya kwanza ilikuwa wiki ya pili baada ya ndoa. Alitumia mkanda. Umeandika mkanda?"

"Nimeandika."

"Mara ya pili, jeki ya gari."