Mayai Yaliyozidi Mashine

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayokosea kuandika. Niliachia shule darasa la nane, na nikishika kalamu mkono unakuwa mzito. Kuongea mbele ya watu ndiyo kabisa siwezi. Lakini mama mkwe wangu aliniambia haya nisikae nayo peke yangu. Alisema niwape wadogo zangu, wale wasichana na vijana ambao siku hizi wanaachiwa mashine za watu mikononi. Kwa hivyo nasaha ni yake. Mimi ninaiandika tu, polepole.

Nakumbuka mchana mmoja wa mvua, huku kwetu juu ya Keringet. Nilikuwa bado mgeni katika boma lile. Mume wangu alikuwa Naivasha kwenye kazi ya maua, nami niliishi na mama yake na shemeji yangu Kibet. Mama alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na mashine ya kikundi ya kuangulia vifaranga ilikaa kwetu, katika chumba kidogo kando ya jikoni. Ilikuwa sanduku la mbao lenye balbu za kutia joto, feni ya kulisambaza hilo joto, na mota ndogo ya kuinamisha trei ili mayai yageuke. Balbu, feni na mota hazikuweza kubeba stima ya ukutani moja kwa moja. Zililishwa na pawa saplai, kisanduku cha chuma kilichofungwa ubavuni, ambacho hupunguza nguvu ya stima mpaka ile ambayo vitu vidogo vinaweza kuvumilia. Ndani yake kulikuwa na fyuzi, kipande cha kioo kama kidole cha mtoto mchanga, na uzi mwembamba umepita katikati.

Siku ya kuweka mayai, kila mama alileta yake, ameyatia alama kwa penseli. Yakajaa trei vizuri. Halafu akaja Mama Faith, jirani yetu mjane, ambaye kuku wake karibu wote walikuwa wamekufa kwa ugonjwa. Hakuwa wa kikundi.

"Nimebaki na haya tu," alisema. "Nikiyaacha kwa nyumba yataniozea."

Mama angemwambia nini? Akayachukua. Wengine waliposikia Mama Faith amepokelewa, nao wakaja. Mmoja alileta kwa niaba ya dada yake, mwingine wa kanisani akasema ni machache sana hata hayataonekana. Mama alikuwa na sauti ya kunyamazisha mkutano mzima, lakini mbele ya mtu aliyebeba kikapu aliishiwa na maneno. "Leta, leta," ndiyo aliyosema. Tuliyabana, mengine tukayalaza juu ya mengine, tukayazuia kwa vipande vya kreti. Sanduku likafungika kwa kusukumwa na goti.

Siku za kwanza mashine ilivumilia, ila mota ikianza kugeuza mayai ilitoa sauti kama mtu anayepanda kilima na gunia mgongoni. Siku za kuangua zilipofika katikati tuliyamulika mayai kwa tochi. Nilikuwa sijawahi kuona. Ndani ya yai kulikuwa na mishipa myekundu kama mizizi, na kidoa kimoja cheusi kikiruka. Nilishika yai lile kwa mikono miwili.

Sasa huo mchana wa mvua tukasikia "tak". Feni ikanyamaza, balbu zikazima. Kibet akafungua pawa saplai, akaona uzi wa fyuzi umekatika. Kulikuwa na fyuzi moja ya akiba, akaiweka, mashine ikaamka, sote tukacheka. Saa ya kugeuza mayai ilipofika, "tak" tena. Hakukuwa na nyingine.

Huku kwetu baridi haisubiri mtu. Mama alisimama mlangoni ameshika kichwa. Yale hayakuwa mayai yake peke yake. Nusu ya kijiji ilikuwa ndani ya sanduku lile.

Kibet alitoka akarudi na pakiti ya sigara aliyookota kwa mlinzi wa ghala. Akatoa ile karatasi ya kung'aa, akaanza kuizungusha kwenye fyuzi iliyokufa.

"Hii inapitisha moto vizuri," alisema. "Kila mtu hufanya hivi. Hata redio ya kinyozi inaenda na hii."

"Weka basi, mwanangu," Mama alisema. "Weka haraka."

 Nilichukua simu nikampigia Mzee Karanja, fundi wa redio pale senta ya maduka, kisha nikamnyooshea Kibet simu ikiwa na sauti kubwa.

"Nani ameshika hiyo karatasi?" fundi aliuliza, baada ya Kibet kumweleza.

"Ni mimi, mzee. Ni ya muda tu, mpaka ufike."

"Hizo za muda ndizo huchoma nyumba. Iweke chini nikisikia."

"Utasikiaje karatasi, mzee?"

"Weka chini, kijana!"

Kibet akaiweka.

"Sasa niambie, fyuzi inakatika wakati gani?"

"Wakati inataka," Kibet akasema.

Nilikuwa nimekaa na ile mashine siku zote, najua kila sauti yake. Nikasema, lakini nafikiri nilisema zaidi kwa kikombe nilichokuwa nimeshika kuliko kwa simu: "Inakatika mota ikianza kugeuza mayai."

"Nani huyo?"

"Bibi ya kaka yangu."

"Basi nitaongea na huyo. Wewe mama, chomoa plagi ukutani. Weka jerikeni za maji ya moto ndani ya sanduku, zifunge kwa kitambaa zisiguse mayai. Funika sanduku kwa blanketi, na msifungue-fungue kuchungulia. Mayai yanaweza kuvumilia kwa muda. Mvua ikipungua nakuja."

Tulifanya hivyo. Mama aliondoa hata blanketi la kitanda chake. Kati ya sufuria moja ya maji na nyingine hakuniangalia usoni.

Mzee Karanja alifika kwa bodaboda, amelowa mpaka kofia. Hakugusa pawa saplai kwanza. Alifungua sanduku, akaangalia ndani, akamwangalia Mama, akavua kofia kwa adabu.

"Mwenyekiti," alisema, "mnafuga ama mnahamisha kijiji?"

Akatuomba tuondoe mayai ya juu, tuyafunike kando. Akaweka fyuzi mpya, ya kipimo kile kile cha zamani, akawasha, akabonyeza mota igeuze. Trei zikainama bila sauti yoyote. Akakandamiza trei kwa mkono kidogo tu, mota ikaanza kulia, naye akaachia mara moja.

"Mmesikia? Mota haina ugonjwa. Ikibebeshwa mzigo isiouweza, inashindwa kuzunguka, na ikishindwa inavuta stima nyingi zaidi ya kiasi chake. Hiyo stima inapita kwa pawa saplai. Fyuzi inaona imezidi, inakatika ili wenzake wasife. Sasa ukiiwekea karatasi ya sigara, haitakatika tena. Lakini stima bado ni nyingi, na itatafuta pengine pa kuchoma. Itaunguza pawa saplai, ama waya, na hili ni sanduku la mbao."

"Si uweke fyuzi kubwa basi," Kibet alisema. Hakuwa mkorofi, alikuwa na huruma na mama yake.

"Ni karatasi ile ile, imevaa shati safi. Fyuzi ni ya kipimo cha mashine. Mzigo ndio upunguzwe."

Hapo ndipo ilipouma. Mzigo ulikuwa watu. Tuliyajua mayai yote kwa alama zake.

Mama alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikaa hivyo mpaka nikadhani analia. Kisha akaniita karibu, akasema maneno ambayo ndiyo nimeyaletea karatasi hii.

"Mwanangu, watu wanasema wewe ndiye mwenye haya katika boma hili. Mimi pia nimesema. Kumbe ni mimi. Nilipokea kila kikapu kwa kuogopa mtu asininunie, na katika nyumba hii yote, aliyekuwa na ujasiri wa kusema imetosha ni hako kakioo ka fyuzi. Na nikataka mkazibe mdomo. Toa yangu kwanza. Yote."

Tuliyatoa. Bado yalikuwa mengi. Kuku wetu wawili waliokuwa wakilalia walipewa, wakakubali. Yaliyobaki ya ziada yalikuwa ya Mama Faith na wale wengine. Mama alivaa koti la mvua aende mwenyewe kwa wengine. Mimi akanipa kikapu cha Mama Faith, kimetandikwa leso zilizopashwa moto. "Usimdanganye," alisema. "Na usiombe msamaha mpaka ukasahau kumwambia."

Njia nzima nilipanga maneno. Mama Faith alifungua mlango, akaona kikapu, uso wake ukabadilika.

"Yangu yana kasoro gani? Ama ni kwa sababu mimi si wa kikundi?"

Maneno yote niliyopanga yalitoroka. "Mama, mashine imejaa," nilisema. "Yakibaki yote, yote yatakufa. Hata ya mama mkwe yametolewa. Haya yako hai. Niliyaangalia kwa tochi. Yanataka kuku wa kuyalalia leo, si kesho."

Aliingiza mkono chini ya leso, akagusa mayai. Mvua ilikuwa ikinidondokea shingoni.

"Ingia kwanza," alisema. "Unaninyeshea mayai." Kisha akacheka kidogo. "Niko na kuku mmoja tu aliyebaki. Wiki nzima amekataa kutoka kwa kiota, halalii chochote, na anadonoa kila mtu. Hata pasta alidonolewa. Tumpelekee kazi."

Yule kuku alinidonoa mimi pia. Lakini tulipomwekea mayai alitandaza mabawa, akayavuta chini yake moja moja kwa mdomo. Mama Faith alipiga magoti pale, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mama. Ulidhani wako wote wameenda?" Sijui alikuwa akiongea na kuku au na nafsi yake. Nilikaa naye mpaka mvua ikaisha.

Si yote yaliyoanguliwa, sitaki kuwadanganya. Mengine yalipatwa na baridi ya ule mchana. Lakini sanduku lilijaa vifaranga, na kwa Mama Faith yule kuku mkali alitoka nje na familia, hakuna paka aliyethubutu kumkaribia.

Sasa mdogo wangu, uwe umeachiwa mashine ya mayai, redio ya kanisa au televisheni ya ploti ya wapangaji, shika haya. Fyuzi ikikatika, chomoa plagi kwanza. Usirudishe nyingine kabla ya kujiuliza ni nini kilichovuta stima kupita kiasi, na ni wakati gani. Weka ya kipimo kile kile kilichoandikwa, usiweke kubwa, usiweke waya wala karatasi. Ikikatika tena, acha, ita fundi. Hasara ya kukaa bila mashine nusu siku ni hasara, lakini nyumba inabaki. Na kama wewe ni mtu wa haya kama mimi, usidhani kupokea kila kitu ni upole. Mtu akikuletea mzigo usiouweza, mwambie mapema, akiwa bado anaweza kuupeleka kwingine. Ukingoja, utamwambia ukiwa umeharibu chake na cha wenzake.

Mungu awape mikono isiyo na haraka na majirani wanaosikia. Awalindie nyumba zenu na moto, na wale mnaowatunzia mali wasiwahi kujuta kuwaamini.

Jambo moja bado linanishinda. Kila mara ya kuweka mayai watu huja zaidi ya trei, na ni mimi sasa ninayesimama mlangoni. Ninakataa, lakini wengine huondoka wameumia. Kama kwenu kuna mtu anayejua kumkatalia jirani naye akaondoka na moyo mweupe, tafadhali niandikie uniambie anasemaje.