Kocha wa Majalada Magumu

"Nipeni miezi mitatu tu," Khaemba aliuambia ukumbi mzima, kipaza sauti mkononi, "na pale kazini kwangu hakuna mtu atakayengoja kuambiwa la kufanya. Kuamrisha nimeacha. Kuanzia leo mimi nauliza tu."

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa hoteli moja juu ya kilima cha Naguru, zile hoteli ambazo hata chupa ya maji imevishwa kitambaa. Watu walipiga makofi. Mwalimu wa kozi alifumba macho kama mtu aliyeonja mchuzi ukakubali. Mtu fulani alirekodi, na kabla Khaemba hajashuka kilimani video ilikuwa imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la Wakenya wa Kampala, wakimwita Kocha na kumuuliza anafundisha timu gani.

Kwenye kozi hiyo ya ukocha kwa viongozi hakujipeleka. Alipelekwa na Mama Faridah, mwenye duka la uchapishaji Wandegeya, karibu na chuo kikuu, baada ya mzazi mmoja kufuata tasnifu ya mwanawe na kudhani ameingia kambi ya jeshi. Khaemba alikuwa mpiga kelele, na hata mkewe hakujaribu kumtetea. Mtu wa Bungoma, kifua kipana, sauti ya kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya mto, naye akaitumia katika chumba cha nyuma cha duka alichokisimamia, chumba cha hatua nne kwa tano, ambamo tasnifu za wanafunzi hushonwa, hugundishwa na kuvishwa majalada magumu.

"Perpétue, hizi nyeusi, saa nane," angefoka. Na ikifika saa nane zingekuwa mezani, nyeusi, herufi za dhahabu zimetulia kwenye mgongo wa kitabu kama zimezaliwa hapo.

Perpétue alikuwa mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mpole, asiyetumia maneno mawili pale ambapo moja lilitosha. Khaemba akifoka, yeye alikuwa anaguna kidogo na kuendelea, kama mtu anayesikia redio ya jirani. Herufi za dhahabu, zinazopigwa kwa pasi ya moto, hakuna mwingine pale aliyeziweza. Obita, bwana wa Gulu anayeendesha mashine ya kukatia karatasi, alijaribu mara moja tu, akaunguza jina la profesa. Wanafunzi walimfuata Perpétue, duka walilikuta tu njiani, na Khaemba alilijua hilo vizuri. Kusema kweli ndiyo sababu kozi ilimwingia sana. Alitaka siku moja mama huyu akisimamie chumba kile mwenyewe, na mshahara wa msimamizi aupate. Angemuinua. Neno hilo, kuinua, alipewa hotelini pamoja na kalamu ya bure.

Nafasi haikuchelewa. Nakala za tasnifu ya mwanafunzi mmoja zilitoka na sura ya nne miguu juu kichwa chini. Zamani Khaemba angesema "rudia", duka zima lisikie, na jambo lingeishia hapo. Sasa alimwita Perpétue kwenye kijiofisi, akafunga mlango, akaweka simu kifudifudi, wakakaa wakitazamana, kila kitu kama alivyofundishwa.

"Nieleze kwa maneno yako mwenyewe ilivyotokea," alisema, kwa sauti laini ambayo Perpétue hakuwahi kuisikia ikitoka kwake.

Perpétue aliutazama mlango kwanza. Kisha akaeleza: karatasi zilikuja zimechanganyika, hakukagua.

"Nirudie, chef?" Kwao Bukavu, chef ni bosi.

"Wewe unafikiriaje?"

"Nafikiria nirudie."

"Na kama usingerudia, ungejifunza nini?"

Hapo Perpétue alinyamaza. Khaemba naye akanyamaza, kwa furaha, maana mwalimu alisema kimya ndicho kinachofanya kazi yote, na hiki kilionekana kimeshavaa ovaroli.

Vitabu vilirudiwa, vikatoka safi. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Khaemba alimwita tena, akamuuliza swali lile lile ili, kwa lugha ya hotelini, waende ndani zaidi. Perpétue alijibu kwa maneno yale yale, bila kuongeza wala kupunguza, hata pale alipokohoa mara ya kwanza alikohoa tena. Alipoitwa tena ikawa vivyo hivyo. Khaemba akamlalamikia Obita kwamba mama huyu hafunguki.

"Mzee," Obita akamwambia bila kuinua macho kwenye kisu cha mashine, "mji huu, mtu akifunga mlango, akakuuliza kwa Kiswahili, ambacho hapa ni lugha ya askari, halafu akanyamaza kukuangalia, wewe unatafuta wakili. Mimi hata ungeniuliza habari ya asubuhi namna hiyo, ningekana."

Khaemba alicheka. Alidhani ni utani.

Lakini kazi ilianza kulegea. Perpétue, ambaye zamani hakuhitaji hata kutazamwa, sasa alileta kila jalada lionekane kabla ya gundi, na kila rangi ithibitishwe. Alikuja kazini na mfuko wa plastiki wenye karatasi zake zote za ukimbizi, na kila alipoitwa kwenye kijiofisi aliupakata mapajani. Wanafunzi walipanga foleni mpaka nje, kwa muuza rolex, zile chapati za kuviringishiwa mayai. Mama Faridah alipita, akatazama foleni, akasema "Bambi, Khaemba," neno la Kiganda la kumhurumia mtu, na kuondoka, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

Dawa aliijua. Alikuwa na neno moja tu la kusema: gundisha. Kila lilipofika mdomoni, aliuona ule ukumbi, na makofi, na wale Wakenya wa WhatsApp. Mtu hawezi kutangaza mbele ya watu kwamba ameacha pombe, halafu akutwe kwenye baa za Kabalagala na glasi. Basi akauliza swali jingine.

"Ni nini hasa kinachokuogopesha, Perpétue?"

Safari hii hakuutazama mlango. Alimtazama yeye.

"Chef, mimi nilipofika Uganda, maofisa wa wakimbizi waliniuliza nilikimbia namna gani. Nikasema. Wakaniita tena, swali lile lile, mlango umefungwa hivi. Nikasema. Waliponiita tena nikasahau siku ile mume wangu alikuwa amevaa shati gani. Hawakugomba. Walinyamaza tu, wakaniangalia. Na wewe unaniangalia vile vile. Kama nimeharibu, sema nimeharibu. Kama unanifukuza, sema toka. Lakini usiniulize tena."

Khaemba alikuwa na maneno ya kumjibu. Yalikuwa mafupi na aliyasikia kifuani, yamejipanga: sikufukuzi, samahani, baki. Alifungua mdomo ayatoe. Kilichotoka, kwa sauti ile ile laini, kilikuwa hiki:

"Na unajisikiaje ukisema hayo?"

Alijisikia akikisema. Angekuwa na uwezo angekidaka hewani kabla hakijamfikia.

Perpétue aliinuka, akasema asante, akavua aproni yake, akaikunja vizuri kama nguo ya mtoto na kuiacha kwenye kiti. Obita alizima mashine. Khaemba alimfuata mpaka mlango wa mbele, akamwona akivuka barabara na mfuko wake wa plastiki. Sauti ya kumrudisha alikuwa nayo, sauti ambayo ingesikika mpaka kituo cha polisi. Lakini neno la kuita lilikuwa "rudi", na hilo lilikuwa amri, na swali hakuthubutu. Akabaki amesimama mlangoni mdomo wazi, mpaka muuza rolex akamuuliza kama anataka mayai mawili.

Miezi mitatu ilipotimia, ahadi yake ilikuwa imetimia pia. Kwenye meza ya majalada hakuna aliyengoja kuambiwa la kufanya. Kulikuwa na kiti tu, na pasi ya herufi za dhahabu iliyopoa. Khaemba alijaribu kuishika mwenyewe, akaunguza jina la binti mmoja na kidole chake. Mwishowe Mama Faridah aliamua kazi za majalada zipelekwe nje, kwenye duka la karibu na soko, alikoajiriwa Perpétue. Bosi wa kule alikuwa mtu anayefoka tangu asubuhi mpaka kufunga, na Perpétue, walisema, alikuwa anaguna kidogo na kuendelea.

Khaemba alizipeleka tasnifu mwenyewe, kwenye boksi. Perpétue alikuwa kaunta.

"Karibu, papa," alisema, kama anavyomwita mteja yeyote wa kiume. Chef hakuwepo tena.

Alitaka kujua watoto hawajambo, kama amemsamehe, kama angekubali kurudi. Yote yalikuwa maswali. Akayameza moja moja, boksi likimlemea mikono.

"Nyeusi," alisema. "Kesho saa nane."

Perpétue alilipokea boksi, akafunua karatasi za juu, akakagua sura ya nne.

"Kitabu kimoja, elfu ishirini na tano."