Hasira Yangu na Malka Iliyomomonyoka

Mimi hasira yangu huanzia masikioni. Yanapata moto kwanza, halafu mdomo, halafu mkono. Siku ile mkono ulikuwa tayari umeshika mkuki.

Kaka yangu alikuwa ameshikwa na homa, hawezi kusimama. Nilimwahidi kwamba mpunga wake wa pale mtoni, chini ya Garsen, hautaguswa hata shina moja mpaka apone. Asubuhi nikaukuta umekanyagwa na ng'ombe, mistari mitatu mizima imelala matopeni. Kati ya nyayo kulikuwa na mmoja wenye ukwato uliopinda. Nikamjua mwenye kundi palepale, maana huyo wa ukwato mbovu alikuwa ng'ombe wetu wenyewe! Tulimwachia rafiki wa kaka, mfugaji wa Kiorma, amchunge na wake, na sisi kila mavuno tunampelekea mpunga. Urafiki wao ni wa miaka.

Nikapiga kelele pale shambani mpaka sauti ikakauka. Nikarudi kuchukua mkuki, nikamwambia kaka kwamba urafiki huo leo umekwisha.

Alinisikiliza, kisha akauliza, "Mdogo wangu, malka umeiona?"

Malka ni ile njia tunayoiachia wazi katikati ya mashamba, ng'ombe wapite kwenda kunywa. Nikamwambia anamtetea rafiki yake kuliko damu yake.

"Sijamtetea mtu. Nauliza kama umeiona."

Sikuwa nimeiona. Nikaenda, lakini nilienda nimshinde, nirudi nimwambie iko wazi kabisa. Njiani nilipanga maneno ya kumwambia yule mfugaji, makali na mazuri, nikawa nayarudiarudia.

Malka ilikuwa imekatika. Maji yalikuwa yamekula ukingo, njia inaishia hewani, na chini ni genge la kumzidi mtu kimo. Na yule mfugaji yuko palepale, matope mpaka mapajani, anachimba mteremko kwa mti aliouchonga ncha. Ng'ombe wamesimama nyuma yake na kiu.

Akautazama mkuki. "Jembe hukuliona nyumbani?"

Maneno yangu yote niliyoyapanga, hata moja halikufaa. Nikamuuliza kwa ukali mbona hakuja kutuambia.

"Nilikuja. Kaka yako nilijua mgonjwa, nikakutafuta wewe shambani. Nikakusikia unavyonitukana, nikaona bora nirudi nichimbe."

Nikauchomeka mkuki matopeni. Nilishangaa zaidi kuliko kuona aibu. Macho yangu yaliona nyayo tu; hayo mengine yote, dharau yake, uchoyo wake, niliyajaza mwenyewe kichwani, na nikayaamini kama niliyoyaona. Huwa nayatoa wapi haraka hivyo?

Nikamuuliza ukingo ulianguka lini. Nikauliza ng'ombe wanakaa siku ngapi bila maji. Alijibu huku anachimba, mpaka akachoka na maswali, akanielekeza kwa kidevu njia ya nyumbani. Nikaenda kuleta jembe.

Jua lilikuwa la utosi ng'ombe waliposhuka kunywa. Halafu yeye akaja shambani, tukauinua mpunga shina kwa shina, na pale ulipovunjika tukapachika miche mingine. Mstari mmoja haukupona.

Nilimweleza kaka yote, na kelele zangu pia. Akauliza rafiki yake amekula nini tangu asubuhi. Sikujua; katika maswali yangu yote, hilo sikuuliza. Nikainuka kumpelekea chakula.