Kola Iliyopata Nne

Bibi Pindo hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na darasa. Alikuwa amefundisha ushonaji chuoni pale tangu enzi za cherehani za kukanyaga, na mtu akipita barabarani na sketi iliyoning'inia upande mmoja, yeye huguna kama aliyekanyagwa kidole. "Wenzako husalimia watu," mumewe humtania, "wewe unasalimia mapindo."

Siku hizi darasa lilikuwa limefurika, na macho yake, ambayo hakutaka hata yatajwe, yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Basi akabuni njia: wanafunzi wasahihishane. Kola ya shati ikishonwa, hubandikwa namba badala ya jina, ikapita kwa wanafunzi watano, na kila mmoja akatoa alama yake.

Mkuu wa chuo, kijana mpole aliyemwita mama, alikuna kichwa. "Mama, wasichana hawa ni marafiki wa kufa na kuzikana. Si itakuwa nipe nikupe?"

"Wewe huwajui. Wanapendana kwenye chakula tu."

Mkuu alicheka, lakini hakulegea. "Basi tuwapime. Shona kola moja safi, ya kumi kwa kumi, uichanganye na zao. Wakiipa alama inayoistahili, alama zao zitaingia kwenye cheti. Wakikosea, mama, itabidi usahihishe zote mwenyewe."

Bibi Pindo akakubali kwa sauti ya juu, moyo ukiwa chini. Kusahihisha zote, kwa macho yale? Bora aufunge mkasi wake kwenye kanga aende nyumbani.

Kola yake aliishona kwa mapenzi, akaipiga pasi, akaichomeka katikati ya zile nyingine.

Siku ya kusahihisha, darasa liliwaka. Msichana mmoja waliyemwita Kasuku, maana mdomo wake hauna likizo, aliinua kola juu. "Jamani, hii kola au masikio ya sungura?"

"We Kasuku, hiyo yangu!"

"Shoga, nakupenda mpaka basi. Ila tano."

Kola ya Bibi Pindo ilipofika, meza ile ikanyamaza. Hata Kasuku. Waliigeuza, wakatazamana, wakaandika. Wameona kazi ya fundi hao, Bibi Pindo alijisemea, akatabasamu peke yake.

Jioni mkuu alijumlisha alama, akatafuta wastani, akarudia, kisha akavua miwani. "Mama... yako wameipa nne."

Uso ulimchoma. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: watoto hawa hawajui kitu. Lakini akiyasema hayo, njia yake imekufa kwa mkono wake mwenyewe. Akaichukua kola, akasogea dirishani. Macho yakamwambia ni safi. Akayafumba. Akaikunja kola katikati, ncha juu ya ncha, kama alivyowafundisha, akapitisha kidole gumba taratibu.

Ncha moja ilikuwa imeizidi nyingine. Na huku chini, mshono ulikuwa umetoka njiani kama mlevi, ukarudi.

Akafumbua macho. "Wamenipendelea," akasema. "Ingekuwa mimi, ningeipa tatu."

Mkuu alicheka mpaka akashika meza. Alama zikaingia kwenye cheti.

Darasani Bibi Pindo alimkuta Kasuku amebaki, anazungukazunguka cherehani kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Mwalimu, usinikasirikie."

"Umefanya nini tena?"

"Tulijua ni yako. Nani mwingine hapa anafunga fundo mara mbili mwisho wa mshono?"

Bibi Pindo alimkazia macho. "Mlijua, mkanipa nne?"

"Si wewe uliyesema tutazame mshono, tusimtazame mtu? Mimi nilitaka kukupa kumi, Mwalimu, mkono ukagoma. Na aliyekupa tatu alilia kwanza."

Bibi Pindo alivuta kiti cha mwanafunzi akakaa. Alitaka kukemea, ikatoka kicheko, na ndani ya kicheko chozi moja, ambalo alilifuta kwa ileile kola.

"Haya," akasema, akianza kuufumua mshono. "Nitungie uzi. Nikimaliza, mpelekee kwanza yule aliyenipa tatu. Huyo ndiye ninayemwamini."

Kasuku akalamba ncha ya uzi, akaupitisha kwenye tundu la sindano mara moja tu. "Na miwani, Mwalimu, utakwenda kupimwa lini?"

"Nimesema uzi, Kasuku."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini lini?"