Shati Lenye Mishono Nje

Saa moja asubuhi fundi cherehani ameshakaa barazani pa duka lake, shati la shule mapajani. Mishono yote iko nje. Kola hakuna. Lebo ya shingoni anaifumua uzi kwa uzi.

Jirani anapita, anamtania kwamba uzee umeingia, siku hizi anashona nguo ndani nje.

"Ndani ndiko kunakogusa mwili, jirani," anamjibu bila kuinua macho. "Huko ndiko kunakotakiwa kuwe laini."

Shati ni la binti wa miaka saba mwenye usonji, hali ya kuzaliwa nayo inayomfanya ahisi vitu tofauti na wenzake. Kwake mshono ni mwiba. Amekwisha kuvua sare darasani, na mwalimu mkuu amesema leo aje amevaa, la sivyo asubiri mwakani.

Fundi huyu alianza kuyajua haya kwa mdogo wake wa kiume, zamani, neno usonji halijafika nyumbani kwao. Majirani walisema mtoto ana mashetani. Baba yao, naye fundi, hakubishana na mtu. Aligeuza shati tu, mtoto akatulia.

Jioni baba alikuwa akitega vitendawili. Mdogo wake hakuwa na maneno, basi alijibu kwa kukileta kitu chenyewe.

"Baba akitega, 'Nyumba yangu naingia mlango mmoja, natoka mitatu,' sisi tunagombania kujibu. Yeye kimya, anamwekea shati mapajani," anamwambia jirani aliyesimama kusikiliza, na sindano inasimama kidogo. "Jioni zile, jirani, zilikuwa tamu."

Mdogo wake sasa ni mtu mzima. Ndiye anayepiga pasi humu dukani, na kwa pasi yake hakuna kunjo linalopona.

Mama wa binti anafika naye. Fundi hamkabidhi mtoto shati. Analilaza mezani, anazungusha gurudumu la cherehani binti alitazame, anatega kile kitendawili cha baba yake polepole. Mama anataka kumvalisha upesi, saa zinakwenda.

"Mwache kwanza, mwanangu. Anafikiri."

Gurudumu linasimama. Binti analishika shati, analipitisha shavuni, kisha anakuja kumwekea fundi mapajani. Halafu anainua mikono yote miwili juu, avishwe.

Fundi anapanga kuwaita mafundi wenzake wa mtaa huu awafundishe mshono wa nje, macho yake yangali yakiona tundu la sindano. Lakini kwa sasa amesimama barazani na mdogo wake, wanalitazama shati jeupe likienda shule.